Mtoto Mwenye Ulimi Mzito na Mzigo wa Wazazi Wake

(Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma)



Katika nchi ya Wahaya adabu ya mtoto huanza kupimwa mdomoni. Mtoto wa Kemondo akikutana na mkubwa njiani, katikati ya migomba, hutakiwa asimame, apige magoti au ainame, kisha atoe salamu kamili yenye neno lile la heshima, "waitu". Akifanya hivyo, mkubwa hupita akimsifu mama aliyemlea. Asipofanya hivyo, mkubwa hupita akimlaumu mama yule yule.

Basi yupo mtoto asiyeweza. Salamu anaijua, mzee aliye mbele yake anamjua, magoti yake yamekwisha kugusa udongo, lakini neno halitoki. Au hutoka vipande vipande, au hutoka kwa njia ya pua lisieleweke. Mzee hana nafasi ya kungoja. Huenda zake. Siku hiyo mtoto ameitwa mkaidi na mama yake ameitwa mlezi mbaya, hali wote wawili hawana kosa.

Mazungumzo haya yanamhusu mtoto huyo pamoja na watu wanaomlea. Yanaelekezwa kwa walimu na watumishi wa umma kwa kuwa wao ndio wenye milango ambayo familia hiyo hubisha hodi: mlango wa zahanati, mlango wa ofisi ya mtendaji wa kata, mlango wa darasa la kwanza. Jambo lenyewe ni hili: aghalabu mtoto huyu huumizwa na miaka inayopotea kabla mtu yeyote hajamsikiliza kuliko anavyoumizwa na kasoro aliyonayo. Na miaka hiyo yaweza kupunguzwa na watu ambao wapo Kemondo hivi sasa.

Kwanza yafaa kufahamu kwamba kasoro za usemi si ugonjwa mmoja. Wapo watoto wenye kigugumizi, ambao maneno wanayo lakini hukwama njiani. Wapo wanaokosea matamshi, kama vile wenye kithembe. Wapo waliozaliwa na mdomo au kaakaa lililopasuka, ambao sauti yao hupotelea puani. Hali hii duniani humpata mtoto mmoja katika kila watoto wapatao 700 wanaozaliwa. Wapo waliopata mtindio wa ubongo, pengine kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, ambao misuli ya ulimi na midomo haiwatii. Wapo wenye usonji, ambao njia yao ya kuwasiliana na watu ni tofauti. Na wapo wengi ambao ulimi wao ni mzima kabisa, ila masikio hayasikii. Na asiyesikia maneno atayaokota wapi?

Watoto hawa wote hupewa jina moja mitaani: bubu. Jina hilo ni kosa, tena ni kosa lenye madhara, kwa maana likishatolewa huwa kama hukumu. Hakuna anayeuliza tena kwa nini mtoto hasemi, maana jibu limekwisha kupatikana. Ni dhahiri kwamba matibabu ya kaakaa lililopasuka si matibabu ya sikio linalotoa usaha, na malezi ya mwenye kigugumizi si malezi ya kiziwi. Anayewaweka wote katika kapu moja amewanyima wote msaada.

Hebu sasa itazamwe nyumba moja ya mfano. Baba ni mvuvi wa dagaa, mama ana kibanja cha migomba na kahawa. Mtoto wao wa tatu amefikisha miaka miwili na hajatamka neno. Jirani wa kwanza husema, "Ngojeni, atasema tu, hata mjomba wake alichelewa." Jirani wa pili husema ulimi umefungwa, hivyo akatwe ule utando wa chini ya ulimi ambao watu huuita udata, au akatwe kimeo. Jirani wa tatu hushusha sauti na kumtaja bibi wa upande wa pili kuwa ndiye aliyemfunga mtoto. Mwaka unapita katika kungoja, mwaka wa pili unapita katika kukatwa na kupakwa dawa, na mwaka wa tatu unapita katika ugomvi wa ukoo. Wakati huo huo baba ameanza kumuuliza mkewe maswali yasiyo na jibu. Mtoto anafikisha miaka saba, umri wa kuwa shuleni, na hakuna hata siku moja ambayo masikio yake yamepimwa.

Watu wa nyumba hii si wajinga, wala si wakatili. Wamefanya kila waliloambiwa na watu waliokuwa tayari kuwasikiliza. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mzazi wa mtoto asiyesema hukesha akijiuliza mwanawe ataombaje maji akiachwa kwa jirani, atasemaje akipotea gulioni, atamtajaje mtu akimdhuru. Hofu hii ya mwisho si ndogo, kwani mtenda maovu hupenda kumchagua mtoto asiyeweza kueleza.

Mkoa wa Kagera unalo fundisho lake wenyewe juu ya madhara ya kunong'ona. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani humo. Ugonjwa ule mitaani uliitwa Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikiingia kutoka Uganda, na wengi waliougua walidhaniwa wamerogwa. Hali ilianza kubadilika pale watu walipokubali kuutaja ugonjwa kwa jina lake na kuuzungumza hadharani. Tangu miaka ile mkoa umezoea kumwona bibi akilea wajukuu peke yake, na baadhi ya wajukuu hao ni hawa wenye ulimi mzito. Jamii iliyojifunza somo kubwa kama lile haina sababu ya kurudia kosa lile lile kwa mtoto mwenye kigugumizi.

Je, mzazi atajuaje kuwa wakati wa kungoja umekwisha? Vipo vipimo vyepesi ambavyo kila mtumishi wa afya na kila mwalimu apaswa kuvijua. Kwa kawaida mtoto hutamka neno lake la kwanza lenye maana karibu na mwaka mmoja. Akifika miaka miwili huunganisha maneno mawili, kama "mama njoo". Akifika miaka mitatu, hata mgeni huweza kuelewa sehemu kubwa ya asemayo. Watoto hutofautiana, wala mwezi mmoja au miwili si ya kutisha. Lakini mtoto wa miaka miwili asiye na neno, au asiyegeuka sufuria inapogongwa nyuma yake, au aliyekuwa anasema kisha akaacha, huyo hastahili kuambiwa "atasema tu". Anastahili kupimwa, na kipimo cha kwanza ni cha masikio.

Sababu za masikio kuharibika zinajulikana, na nyingi zipo karibu na mlango wa kila nyumba ya Kagera. Zipo homa ya uti wa mgongo, manjano makali ya siku za mwanzo za uhai, masikio yanayotoa usaha miezi mingi bila kutibiwa, na maradhi ya rubela yanayompata mama akiwa mjamzito. Chanjo ya surua na rubela iliingizwa nchini mwaka 2014, na mama anayekamilisha chanjo za mwanawe anailinda pia lugha ya watoto watakaozaliwa. Malaria nayo imo. Uchunguzi uliofanywa Kilifi, nchini Kenya, umeonyesha kwamba baadhi ya watoto waliopona malaria iliyopanda kichwani hubaki na upungufu wa usemi na lugha. Kwa hiyo mtoto aliyetoka hospitali baada ya degedege kali asihesabiwe amepona kwa sababu tu homa imeshuka. Usemi wake nao ufuatiliwe.

Mama wa Kemondo humpeleka mwanawe kliniki kupimwa uzito, na kadi huandikwa. Ni kazi njema. Laiti siku hiyo hiyo mama angeulizwa maswali mawili: mtoto anasikia, na mtoto anasema nini? Maswali hayo hayahitaji mashine wala fungu la fedha. Yakiulizwa kila mara, mtoto mwenye shida atajulikana akiwa na mwaka mmoja na nusu badala ya miaka saba. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji.

Akishajulikana, safari yake ina vituo. Kutoka Kemondo hadi mjini Bukoba, iliko Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ni mwendo wa barabara usiozidi saa moja. Shida ikizidi uwezo wa pale, iko Hospitali ya Rufaa ya Bugando jijini Mwanza, iliyofunguliwa mwaka 1971 na ambayo huhudumia Kanda ya Ziwa yote. Mdomo uliopasuka huweza kushonwa mtoto akiwa na umri wa miezi mitatu hivi, na kaakaa kabla au baada kidogo ya kutimiza mwaka mmoja, yaani kabla ulimi haujazoea njia mbaya. Katika hospitali kadhaa nchini upasuaji huo hufanywa bila malipo kwa msaada wa wafadhili. Huko Dar es Salaam, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza mwaka 2017 kupandikiza vifaa vya kusaidia kusikia kwa watoto ambao hapo awali walikuwa wakipelekwa India.

Lakini upasuaji usiolipiwa si safari isiyolipiwa. Kuna nauli ya kuvuka ziwa, kuna chakula cha mama na mtoto mjini, kuna siku ambazo kibanja hakipaliliwi na watoto wengine wamebaki na nani. Hapa ndipo familia nyingi hukata tamaa, na hapa ndipo mtumishi wa umma apaswa kujitokeza. Afisa ustawi wa jamii anayeandika barua ya rufaa ile ile siku mama anapofika, badala ya kumwambia arudi Jumatatu, amemwokolea mtoto pengine mwaka mzima. Mama anayeambiwa arudi Jumatatu mara tatu harudi mara ya nne.

Kwa upande wa wataalamu wa tiba ya usemi, ukweli usifichwe: nchini ni wachache mno, na wengi wao wamo katika miji mikubwa. Katika Afrika Mashariki, Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kufundisha shahada ya fani hiyo mwaka 2008, na Kampala si mbali na Bukoba kwa njia ya Mutukula. Hata hivyo haitarajiwi kwamba kesho kila kata itakuwa na mtaalamu wake. Kazi kubwa itaendelea kufanywa nyumbani, jikoni na shambani, na wazazi wenyewe. Kwa bahati njema mengi yamo katika uwezo wao: kuongea na mtoto uso kwa uso huku wakitaja kila kitu wanachokishika, kumpa nafasi ya kujibu hata akichelewa, kupokea ishara yake ya mkono na kuiongezea neno, kumwimbia, kutomficha chumbani wageni wanapofika. Naye mtoto kiziwi asinyimwe lugha ya alama kwa hofu kwamba itamzuia kusema. Lugha ya alama ni lugha kamili, na mtoto aliyeipata mapema huingia shuleni akiwa na mawazo yaliyokwisha kupangwa. Manispaa ya Bukoba inayo shule ya watoto viziwi huko Mugeza, na si haki mzazi wa Kemondo kuisikia mara ya kwanza mwanawe akiwa na miaka kumi.

Sasa mtoto ameingia darasa la kwanza, na hapa lipo jambo linalohitaji busara ya pekee. Watoto wengi wa Kemondo hulelewa katika Kihaya, na Kiswahili cha darasani huwa ni lugha yao ya pili. Mtoto anayekaa kimya wiki za mwanzo huenda hana kasoro yoyote. Anasikiliza lugha mpya. Kwa upande mwingine, mtoto mwenye kasoro ya kweli huweza kukaa miaka miwili akidhaniwa kuwa ni mgeni wa Kiswahili tu. Mwalimu atawatenganishaje? Amwite mama, au bibi, amuulize swali moja: nyumbani, katika Kihaya, mtoto huyu huongea kama wenzake? Akiongea vizuri, ahitaji muda na mafunzo ya Kiswahili. Asipoongea vizuri hata katika Kihaya, shida si lugha, na hatua zianze kuchukuliwa. Wala mwalimu asimwagize mzazi aache kusema Kihaya nyumbani. Lugha mbili hazisababishi kigugumizi wala hazichelewishi ulimi. Bibi anayekatazwa lugha yake hubaki kimya, na mtoto aliyehitaji maneno mengi hupata machache zaidi.

Kigugumizi nacho kina kanuni zake. Huanza hasa kati ya miaka miwili na mitano. Watoto wapatao 5 katika kila 100 hupitia hali hiyo, na wengi wao huiacha, hata katika watu wazima hubaki kiasi cha mmoja katika kila 100. Wavulana ndio wengi zaidi. Hakisababishwi na woga wala malezi mabaya, na hakiambukizwi kwa kuigiza. Mara nyingi hutembea katika ukoo. Mwalimu asimmalizie mtoto sentensi, asimwambie "tulia" au "vuta pumzi" mbele ya darasa zima, asimwache asimame peke yake huku wenzake wakicheka, na kamwe asimpige kwa kuchelewa kujibu. Amtazame, angoje, ajibu lile lililosemwa bila kuhukumu jinsi lilivyosemwa. Walimu wengi wamewahi kuona ajabu moja: mtoto huyo huyo akisoma pamoja na wenzake kwa sauti moja, au akiimba katika kwaya, kigugumizi hupungua au hutoweka. Basi asomeshwe kwanza na wenzake wawili, kisha na mmoja, na siku atakapotaka mwenyewe, asome peke yake. Na jibu aliloandika lihesabiwe sawa na jibu lililosemwa.

Pengine mwalimu mwenye darasa lililojaa atauliza kama anao muda wa kumngoja mtoto mmoja. Swali hilo ni la haki, na uhaba wa walimu na madarasa haukuletwa na yeye. Lakini muda unaotakiwa hapa ni sekunde kumi, na sekunde hizo hujifunzwa na darasa zima. Watoto sitini waliomwona mwalimu wao akingoja kwa heshima watamngoja mwenzao uwanjani, kisimani na gulioni, na miaka thelathini baadaye watawangoja wananchi wanaokuja ofisini mwao.

Nchi haikuanza leo kulitambua jambo hili. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilimtaka kila mtoto wa miaka 7 hadi 13 awe shuleni, wala haikusema isipokuwa mwenye ulimi mzito. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Kuanzia mwaka 2016 ada iliondolewa katika shule za sekondari za umma hadi kidato cha 4. Maneno ya sheria ni mazuri. Lakini sheria haitembei. Hutembezwa na mtendaji wa kijiji anayejua ni nyumba ngapi katika kijiji chake zina mtoto wa namna hii, na na mwalimu mkuu asiyemrudisha mzazi kwa kauli ya "mpelekeni shule yao". Mtumishi anayeweza kutaja idadi ya mbuzi wa kijiji na asiweze kutaja idadi ya watoto wasiosema, daftari lake halijakamilika.

Waislamu na Wakristo wa Kemondo wote wanaijua habari ya Nabii Musa, aliyelalamika kwamba ulimi wake ni mzito alipotumwa kwa Firauni. Hakuondolewa katika kazi ile kwa sababu ya ulimi wake, wala hakuambiwa angoje hadi apone. Alipewa ndugu yake, Haruni, aende pamoja naye. Hilo ndilo linalohitajiwa na familia hizi. Mkono mmoja haulei mwana, na mkono wa mama peke yake umekwisha kuchoka.

Asubuhi moja mtoto yule atapiga magoti tena njiani kati ya migomba. Atakayekuwa mbele yake huenda akawa mwalimu anayewahi kengele au karani anayewahi ofisi. Na asimame. Salamu itachelewa kidogo, lakini itakuja, naye aipokee na kuiitikia kikamilifu, kama inavyoitikiwa salamu ya mtoto mwingine yeyote.